Kiungo Kwanza au Taya Kwanza?

Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe pale Simbo, Kigoma, watu hukimbilia damu. Kidevu kimepasuka, shati limelowa, mama analia. Mtoto anabebwa hadi zahanati, anashonwa nyuzi tatu nne, anapewa dawa ya maumivu, na baada ya siku mbili yuko uwanjani anacheza. Hakuna aliyemgusa mbele ya masikio. Lakini kishindo cha lile anguko hakikuishia kidevuni. Taya la chini limepinda kama upinde. Ukiligonga katikati, ncha zake mbili ndizo zinazopokea mshindo, nazo zimekaa ndani ya viungo viwili vidogo mbele ya masikio. Kwa mtoto mdogo mfupa wa mahali hapo bado ni laini na umejaa damu. Ukipondeka, damu huvilia ndani ya kiungo. Mtoto anaacha kupanua kinywa kwa kuwa kinauma, na katika utulivu huo damu hugeuka kovu, kovu hugeuka mfupa. Mwaka mmoja baadaye anasukuma ugali kwa kidole kupitia pengo la meno. Miaka kumi baadaye kidevu kimebaki nyuma, uso umeelemea upande mmoja, na usiku anakoroma kama mtu mzima mnene.

Mfikirie sasa mtu wa pili: msichana wa Ujiji mwenye umri wa miaka 22. Taya lake la chini limetokeza, meno ya mbele hayakutani, na kila akipiga mwayo kiungo cha kulia kinalia "ko". Asubuhi mashavu yanamuuma. Amesikia kwamba kuna upasuaji wa kurekebisha taya, na kwamba ukishapangwa upya mfupa, maumivu ya kiungo nayo huondoka. Anauliza kama ni kweli.

Ukiwatazama kwa nje, wote wawili wana taya lisilokaa sawa na kiungo chenye shida. Kwa ndani habari zao ni kinyume kabisa. Kwa mtoto, kiungo ndicho kilichoharibika kwanza, kisha kikaiburuta sura yote nyuma yake. Kwa msichana, taya lilikua hivyo lenyewe, na maumivu yalikuja baadaye, labda kwa sababu hiyo na labda kwa sababu nyingine kabisa. Mjadala mzima wa upasuaji huu na viungo vya taya, ambao umewagawa mabingwa kwa miaka mingi, mimi nauona ukirudi kwenye swali hilo moja: kipi kilitangulia?

Weka ncha za vidole mbele ya masikio, ufungue kinywa polepole. Utahisi kwanza kitu kinazunguka mahali pake, kisha kinateleza kwenda mbele. Hicho ni kichwa cha taya. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri pamoja nacho, kama mto mdogo unaozuia mfupa usikwaruze mfupa. Kisahani kikitangulia mbele ya mahali pake, kichwa cha taya hukiruka kila kinywa kifunguliwapo, na huo ndio ule mlio. Kikikwama kabisa, kinywa hugoma kufunguka. Mtu mzima hufungua kinywa milimita 40 hadi 55, kwa kukadiria vidole vyake vitatu vikiingia wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mlio peke yake, usio na maumivu wala kukwama, ni jambo la watu wengi sana duniani wala hauhitaji tiba. Ninasisitiza hapo, kwa sababu watu wengi wametibiwa mlio kumbe hawakuwa wagonjwa.

Wenye maumivu nao si kundi moja. Wengi wao huumwa misuli, ile ya shavuni na ya kwenye panja, inayotumika kutafuna. Wengine tatizo ni kisahani. Wachache ni mfupa wenyewe, unaolika kwa ugonjwa wa baridi yabisi au kwa uchakavu. Mwaka 2014 watafiti wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya vigezo vya kuyatenganisha makundi haya. Kabla ya hapo tafiti nyingi ziliyatia yote katika kapu moja, jambo linaloeleza kwa nini majibu yake yanagongana.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1849 daktari Simon Hullihen, katika mji wa Wheeling nchini Marekani, alikata na kurudisha nyuma taya la mwanamke kijana ambaye kovu la moto shingoni lilikuwa limelivuta na kulipinda. Mwaka 1901 Mfaransa René Le Fort alionyesha mistari ambayo mifupa ya uso hupasukia inapogongwa, na wapasuaji waliokuja baadaye wakaufuata mstari wa chini kabisa kuliachanisha taya la juu na kulisogeza. Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya mpasuaji Hugo Obwegeser, ambaye mwaka 1955 alitangaza njia ya kuupasua mfupa wa nyuma wa taya la chini kwa unene wake, kama fundi anavyoupasua ubao mnene kuwa mbao mbili nyembamba. Mbao hizo huteleza moja juu ya nyingine hadi meno yakutane, kisha hufungwa. Kazi yote hufanyika ndani ya kinywa, bila kovu usoni. Mara nyingi mgonjwa huvaa nyaya za kupanga meno mwaka mzima au zaidi kabla ya kisu.

Kisu hicho hakikigusi kiungo. Hata hivyo kinabadilisha kila kitu kinachokizunguka. Mfupa ukishapasuliwa, kipande cha nyuma chenye kichwa cha taya huning'inia peke yake, na daktari ndiye anayekirudisha kwenye kibonyeo chake mgonjwa akiwa usingizini, misuli yote imelegea. Makosa ya milimita moja au mbili hayaonekani wakati ule. Zamani vipande vilifungwa kwa nyaya, na mdomo ukafungwa kwa kadiri ya wiki sita. Kiungo kilikakamaa, lakini nyaya ziliachia kidogo na kichwa cha taya kikajitafutia mahali. Siku hizi hutumika vibati na skrubu za titani, na mgonjwa anafungua kinywa mapema, jambo jema kwa kiungo. Tatizo ni kwamba skrubu hushikilia kosa kwa uimara uleule inaoshikilia usahihi. Ndiyo maana wapo wapasuaji ambao, kiungo kikiwa tayari kinalia na kuuma, hupendelea mkato wa wima wa nyuma ya taya usiofungwa kwa skrubu, ili kichwa cha taya kishuke kidogo na kupumua.

Imani kwamba kupanga taya kutaponya kiungo ina mzizi wake. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo wa St. Louis, aliandika kuhusu wagonjwa 11 wenye maumivu ya sikio, kichwa na taya, akasema chanzo ni kupotea kwa magego: taya linapanda, kichwa chake kinakandamiza neva. Wanaanatomia walipoipima hoja hiyo wakakuta neva alizozitaja haziwezi kukandamizwa kwa namna ile. Lakini wazo lilishaondoka nyumbani. Kwa miaka mingi madaktari wa meno walisaga na kujaza meno yenye afya ili kuponya kiungo. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OPPERA uliwafuatilia watu zaidi ya 2,700 ambao hawakuwa na maumivu ya taya, kuona nani atayapata. Dalili za maradhi sehemu nyingine za mwili, usingizi mbovu na maumivu mengine kama ya kichwa na mgongo vilitabiri ugonjwa kwa nguvu. Mtu akiumwa taya, mara nyingi ni mwili wake wote unaosikia maumivu kwa sauti ya juu, na kuyasogeza meno hakuipunguzi sauti hiyo.

Hata hivyo ushahidi una upande wa pili, nao lazima usemwe kwa haki. Mwaka 1992 watafiti White na Dolwick walichapisha habari za wagonjwa 75 waliofanyiwa upasuaji wa kurekebisha taya. Kabla ya kisu, karibu nusu, asilimia 49.3, walikuwa na dalili za kiungo. Baada ya upasuaji, asilimia 89.1 ya hao walipata nafuu, asilimia 2.7 walibaki vilevile, na asilimia 8.1 walizidiwa. Kwa wale ambao hawakuwa na dalili, asilimia 7.9 walizipata. Msichana wa Ujiji akisomewa takwimu hizi atakata tiketi ya treni ya Dar es Salaam kesho.

Kisha asomewe nyingine. Mwaka 2003 mpasuaji Louis Wolford na wenzake wa Texas walichapisha habari za wagonjwa 25 ambao visahani vyao vilikuwa vimetoka mahali pake kabla ya upasuaji, na havikurekebishwa. Wenye maumivu ya kiungo walikuwa asilimia 36 kabla, wakawa asilimia 84 baadaye. Wagonjwa sita kati ya hao 25 walilika vichwa vya taya. Ni upasuaji uleule kwa jina, lakini matokeo yanatofautiana kama usiku na mchana.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba kuna aliyedanganya. Kundi la kwanza lilikuwa mchanganyiko wa watu wote waliofika kurekebishwa taya, na wengi wa watu wa namna hiyo huumwa misuli, ambayo hupata nafuu meno yanapokutana na mgonjwa anapotulia. Kundi la pili lilichaguliwa kwa ugonjwa wa kisahani chenyewe. Na Wolford ni mtetezi wa muda mrefu wa kutengeneza kiungo na taya kwa pamoja, hivyo alikuwa akitafuta mahali ambapo njia ya wengine inashindwa. Isitoshe, maumivu ya taya hupanda na kushuka yenyewe; mtu huenda hospitali yakiwa kileleni, na nafuu ya baadaye huenda isiwe kazi ya kisu hata kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyofuata yameafikiana kwa jumla hivi: wengi wenye maumivu hupata nafuu, hasa ya misuli, milio haitabiriki, wachache wasiokuwa na tatizo hulipata, na hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa aliye mbele yake kwa uhakika ataangukia upande gani. Kwangu mimi hilo la mwisho lina uzito kuliko asilimia zote. Mtu anayepasuliwa kwa sababu hawezi kutafuna, au kwa sababu usingizini pumzi inakatika, au kwa sababu sura yake inamtesa, ana sababu ya kutosha, na nafuu ya kiungo ikija ni nyongeza njema. Anayepasuliwa ili mlio ukome amenunua bahati nasibu, na gharama yake ni pamoja na ganzi ya mdomo wa chini, ambayo huwapata wengi mwanzoni na kwa wengine haiondoki.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ile ya kulika kwa kichwa cha taya. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana wenye taya la chini fupi na uso mrefu, hasa taya linaposukumwa mbele umbali mkubwa. Miezi inapita vizuri, kisha meno ya mbele yanaanza kuachana tena, kidevu kinarudi nyuma, na picha inaonyesha kichwa cha taya kimekuwa kama penseli iliyochongwa. Wengine huwa na ugonjwa huo kabla ya kisu, ila hakuna aliyeutafuta. Ndiyo maana daktari mwangalifu hupiga picha za viungo, hulinganisha za mwaka huu na za mwaka uliopita, na akiona mfupa bado unalika, husubiri. Hapa swali langu la mwanzo linarudi: taya fupi la msichana huyo huenda lilifupishwa na kiungo kinachokufa, na kulisogeza mbele ni kumtwisha mzigo mgonjwa aliyelala.

Haraka ya kukiendea kiungo chenyewe nayo iliacha makovu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Vitek ya Houston iliuza visahani vya bandia vya Proplast na Teflon, na maelfu ya Wamarekani wakawekewa. Vilisagika, na chembe zake zikauchochea mwili kuula mfupa hadi kwenye fuvu. Mwishoni mwa mwaka 1990 serikali ya Marekani ilitoa onyo, na kampuni ikawa imefilisika. Waliowekewa walibaki na nyuso zinazouma.

Nirudi Simbo kwa yule mtoto wa mwembe, kwa maana kwetu Afrika Mashariki yeye ndiye sura ya kweli ya jambo hili. Kuganda kwa kiungo cha taya utotoni ni ugonjwa wa mahali ambapo ajali za kidevu hazichunguzwi na masikio yanayotoa usaha huachwa yapone yenyewe, kwa kuwa usaha wa sikio huweza kupenya hadi kwenye kiungo jirani. Huko Kigoma watoto hupanda miembe, vijana hupanda michikichi kukata mikungu, na bodaboda hukimbia kwenye vumbi la barabara inayotoka Simbo kwenda Ilagala na Kalya. Kidevu kilichopasuka kitazamwe kama onyo. Bonyeza mbele ya masikio yote mawili; mwambie mtoto afungue kinywa, uone kama kinakwenda upande. Akiwa amevunjika huko juu, mara nyingi tiba si kufunga kinywa bali kukifungua: chakula laini siku chache, kisha mazoezi mapema, ili damu isipate utulivu wa kugeuka mfupa.

Kikishaganda, upasuaji upo, na utaratibu aliouandika mpasuaji Leonard Kaban na wenzake mwaka 1990 bado unafuatwa kwa mapana yake: kuukata mfupa ulioganda wote bila woga, kuukata na mwiba wa mfupa unaovutwa na msuli wa panjani, kuweka kitambaa cha nyama katikati, mara nyingine kupandikiza kipande cha ubavu chenye gegedu ili taya liendelee kukua, kisha mazoezi. Kurekebisha sura huja baadaye, au taya hurefushwa kidogo kidogo kwa kifaa kinachouvuta mfupa uliokatwa milimita moja kwa siku, njia ambayo mpasuaji Joseph McCarthy aliieleza kwa taya la binadamu mwaka 1992. Kwa mtoto huyu hakuna ubishi kama upasuaji unasaidia kiungo. Bila kukifungua kiungo, kuurekebisha uso hakumpi kinywa.

Watakaomfanyia kazi hiyo wako mbali. Mafunzo ya madaktari wa meno nchini Tanzania yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979, na mabingwa wa upasuaji wa kinywa na uso wamekuwa wakiandaliwa huko. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ina huduma hiyo. Lakini visu vyao vina foleni ndefu: uvimbe wa ameloblastoma unaokula taya la chini, ambao Muhimbili imeutafiti kwa miaka pamoja na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, saratani za kinywa, taya zilizovunjika kwa bodaboda, majipu ya meno yanayoshuka shingoni na kuziba pumzi. Taya lisilokutana vizuri husubiri nyuma ya hao wote, na sioni haki ya kulalamika. Kutoka Simbo mgonjwa hufika kwanza Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hushika njia ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Nyaya za meno zinataka arudi kila mwezi au miezi miwili. Kwa familia inayoishi kwa mawese na muhogo, hesabu hiyo haikamiliki.

Kwa hiyo msichana wa Ujiji nimjibu nini? Kwamba kilicho bora kwa maumivu yake kiko karibu. Mwishoni mwa mwaka 2023 jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ juu ya maumivu sugu ya taya. Waliyoyapendekeza kwa nguvu ni kujifunza kuyatawala mawazo na hofu ya maumivu, kunyoosha na kuzoeza taya chini ya mtaalamu na nyumbani, kukandwa misuli, mazoezi ya mkao, maelezo mazuri na kutulizwa moyo. Sahani za plastiki za kuvaa mdomoni na sindano nyingi hawakuzipigia debe. Kuondoa kisahani kwa upasuaji walikupinga waziwazi. Apunguze kwa wiki chache muwa, mahindi ya kuchoma na mihogo mikavu, meno yake yasigusane asipokula, akande mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto, alale. Akisaga meno usiku asitafute dawa ya minyoo, kwa kuwa imani hiyo tuliyokua nayo haina msingi. Na asikubali kung'olewa gego zima kwa maumivu ya shavu. Tanzania tumeshawahi kung'oa vichipukizi vya meno ya watoto wachanga tukiviita meno ya plastiki, tukidhani ndivyo vinavyoleta homa na kuhara, na watoto wakabaki na mapengo na vidonda. Jino likitoka halirudi.

Kinywa kinachofunga ghafla ni habari nyingine. Chenye homa na uvimbe chini ya taya ni dharura ya siku hiyohiyo. Kinachokaza pamoja na shingo na mgongo baada ya jeraha huenda ni pepopunda, na hapo kusubiri hata usiku mmoja ni hatari.

Mtoto wa mwembe, akishapasuliwa, kazi ngumu kuliko ya daktari inaanzia nyumbani. Kiungo kilichofunguliwa hutaka kuganda tena, na kinachokizuia ni kinywa kulazimishwa kufunguka mara kadhaa kila siku kwa miezi, huku mtoto akilia. Hospitalini hutumia vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Vinapangwa kati ya magego, na kimoja kinaongezwa katikati ya rundo kila mtoto anapoweza. Mama anayerudi navyo Simbo kwenye kifurushi cha kanga anahitaji mtu wa zahanati anayejua jinsi vinavyotumika, atakayemtazama mtoto kila wiki, ahesabu vijiti, aandike idadi kwenye daftari, na amwambie mama asiache hata mtoto anapolia.